Bomba Lipi?

Kiswahili ni lugha tajiri, lakini siku bomba lako likiharibika utagundua kwamba ina ubahili wake. Kile unachofungua maji yatoke ni bomba. Kile kinachopita ukutani kuyaleta hayo maji ni bomba. Kile kinachoyavuta kutoka kisimani nacho ni bomba. Mkulima wa tumbaku akipulizia dawa shambani, mgongoni amebeba bomba. Nesi akija kukuchoma, mkononi ameshika bomba. Na vijana wakiona shati la kupendeza, nalo eti ni bomba. Sikuwahi kulilalamikia jambo hili mpaka siku niliposimama kando ya reli pale Kigwa, simu sikioni, nikimpigia kelele fundi aliyekuwa mjini Tabora.

"Bomba limekufa," nilimwambia.

"Limekufaje?"

"Halitoi maji."

"Hilo dogo, kaka. Nakutumia jingine na basi la mchana."

Likaja. Lilikuwa koki ya jikoni, mpya, inang'aa kiasi cha kujitazama ndani yake. Koki yangu ilikuwa nzima kabisa.

Afadhali nieleze hilo bomba lilikuwa wapi, maana kando ya reli hakuna ukuta. Mimi na mke wangu tunanunua asali. Msimu ukifika tunazunguka vijijini kwa wafuga nyuki, tunakusanya, tunachuja, tunauza mjini. Miaka mingi tulilala katika nyumba za wageni ambako kunguni ndio wenyeji, mpaka mke wangu akasema basi, imetosha, mwaka huu atalala kitandani mwake hata kama kitanda kina magurudumu. Tukanunua basi dogo lililokuwa limestaafu kazi ya kubeba wanafunzi. Nikang'oa viti. Nikaweka vitanda viwili, jiko la gesi, kabati, na sinki. Chini ya kitanda chetu nikalaza tangi la maji. Chini ya sinki nikafunga kimashine kidogo cha kusukuma maji kinachotumia betri. Ukifungua koki, kinahisi chenyewe na kuanza kunguruma, maji yanatoka, ukifunga, kinanyamaza. Kazi yote niliifanya kwa mikono yangu, na nilijisifu kwa kila aliyekubali kusimama kunisikiliza.

Njia yetu ni ileile ya misafara ya zamani, ingawa hatukuichagua kwa ajili ya historia. Kigwa, Tabora, Ulyankulu, Urambo, na mwaka wenye mavuno mazuri tunashuka hadi Uvinza. Wapagazi walipita huku kwa kufuata visima. Sisi tunafuata nyuki, na nyuki nao wanafuata maji, kwa hiyo tunajikuta tunaegesha mahali palepale walipotua mizigo yao.

Msimu huo tulikuwa na abiria, mama yangu.

Mama alipata kiharusi mwaka uliotangulia. Ulimi wake haukuguswa, na hilo kila jirani wa nyumbani kwetu Itetemia anaweza kushuhudia. Kilichopotea ni mkono wa kulia. Mguu unaburuta kidogo lakini unafika. Mkono unaning'inia tu. Kwa hiyo pale nyumbani Itetemia, ambako bomba liko uani tu na maji ya kunawa hutolewa kwenye ndoo kwa kopo, mama hakuweza tena kunawa peke yake. Kopo linataka mkono mmoja, na kunawa kunataka mwingine. Ikabidi amiminiwe. Asubuhi mke wangu anammiminia, mchana mtoto wa jirani, jioni mimi. Nasi tulimmiminia kwa mapenzi, lakini tulimmiminia kwa haraka, kama watu wenye kazi nyingine.

"Mtu mzima hunawishwa siku mbili," alisema siku moja, maji yakimtiririka kidevuni. "Siku amekwenda ugenini, na siku amekufa. Mimi leo nimekwenda wapi?"

Akaanza kupunguza kunywa. Hakusema, ila tuliona. Chai anaacha nusu, uji anaacha nusu, maji anasema atakunywa baadaye. Asiyekunywa haendi chooni, na asiyekwenda chooni hahitaji wa kumshikia kopo. Alihesabu hivyo, na mwili wake ukawa unalipa. Midomo ilimpasuka, macho yakamwingia ndani.

Dada yangu mkubwa anaishi Dar es Salaam, ghorofani, na ana msichana wa kazi. Alimtaka mama aende kwake. Mama hakutaka. "Kule juu hakuna hata kuku wa kumfukuza," alisema. Ndipo mimi nikaja na wazo langu la basi. Nilizunguka mjini nikatafuta koki ya hospitali, ile yenye mkono mrefu ambao daktari anausukuma kwa kiwiko, nikaifunga kwenye sinki letu. Mama akapanda, akasimama mbele yake, akausukuma kwa kiwiko cha kushoto. Maji yakatoka na kuendelea kutoka, mkono wake wa kushoto ukawa huru. Akaosha uso. Akauinua ule mkono uliolala, akauweka chini ya maji, akauosha kidole kimoja kimoja. Alinawa muda mrefu kuliko uso unavyohitaji. Mimi na mke wangu tulijifanya tunapanga madumu.

"Nitakwenda na nyie," alisema.

Dada akakubali kwa sharti. Tujaribu msimu mmoja. Mama akidhoofika, atakuja mwenyewe kumchukua, na hapo kusiwe na mjadala. Kila jioni alipiga simu, na swali lake la kwanza lilikuwa hilohilo: "Mama anakunywa maji?" Wiki za mwanzo nilijibu kwa madaha. Mama alikuwa anakunywa kama ngamia.

Kisha ikaja Kigwa.

Siku hiyo mimi na mke wangu tuliondoka na pikipiki tunayoibeba nyuma ya basi kwenda vijiji vya ndani, tukamwacha mama na redio yake. Tuliporudi alasiri tulimkuta amekaa mlangoni, mkono umelala mapajani.

"Wamekata," alisema.

"Wamekata nini, mayu?" mke wangu aliuliza. Nyumbani tunachanganya Kiswahili na Kinyamwezi, na mayu ni mama.

"Maji. Wamekata."

Nikasukuma koki. Kimya. Nikachungulia tangi, tupu. Nilicheka. "Mama, humu hakuna wa kukata. Tangi letu, betri yetu. Yameisha tu."

"Wamekata," alirudia, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuelimisha.

Tukachota maji kwenye kisima cha jirani kwa ndoo zetu za asali, tukajaza tangi, nikasukuma koki tena. Halikutoka hata tone. Nikaifunga, nikaifungua, nikaipiga kofi. Mke wangu akaniuliza kama kofi ni sehemu ya ufundi. Jioni ile nikamshikia mama kopo kama zamani, naye akageuza uso pembeni wakati namwagia. Chai aliacha nusu.

Asubuhi ndipo nikampigia fundi, naye akatuma ile koki ya kung'aa. Hatukuweza kuondoka Kigwa kumfuata, kwa sababu tulikuwa tumewaahidi wafuga nyuki kwamba tutawasubiri hapo, na mtu aliyebeba asali kwa baiskeli tangu alfajiri hutaki akukute umeondoka.

"Umenitumia koki," nilimwambia fundi kwenye simu.

"Si umesema bomba?"

"Bomba lenyewe halina shida. Shida iko kwenye bomba."

"Aaa," akasema. "Bomba la ndani. Nimekuelewa, kaka."

Wakati nikisubiri nilianza kupekua mwenyewe. Gari-nyumba likikunyima maji hakuna haja ya kudhani umerogwa, ni kufuata njia ya maji tu, kutoka yanakolala mpaka yanakotokea. Nilianza kwenye tangi: maji yapo. Nikafuata mpira unaotoka kwenye tangi: haujakunjika, haujabanwa na miguu ya kitanda. Katikati ya tangi na mashine kuna chujio dogo la plastiki. Nikalifungua, nikakuta limejaa nta. Vipande vidogo vya njano, laini, vimejibandika kama ugali kwenye mwiko. Ndoo zetu za asali zilikuwa zimetuletea nta mpaka kwenye maji ya kunywa. Nilifurahi kama niliyeokota dhahabu. Nikalisafisha, nikamwita mama asogee aone, nikasukuma koki.

Kimya.

"Wamekata," mama akasema, akarudi kukaa.

Nikaenda kwenye umeme. Taa za ndani zinawaka, kwa hiyo betri ina nguvu. Fyuzi nikaitoa, nikaitazama kwenye jua: uzi wake mzima. Ikabaki ile mashine yenyewe chini ya sinki, na nilikuwa nimeikwepa tangu mwanzo, maana ndiyo pekee humo ndani ambayo sikujua kuitengeneza. Nililala kwa tumbo, nikasogeza pua. Ilinuka kama feni iliyoungua.

Kesho yake mchana ukafika mzigo wa pili kutoka kwa fundi. Ulikuwa mpira wa maji, mrefu, umezungushwa vizuri na kufungwa kamba. Ungetosha kumwagilia bustani ya askofu.

"Kaka," nilisema kwenye simu, nikijitahidi sauti isipande, "nilikwambia bomba. Bomba linalosukuma! Linalovuma!"

"Pampu!" Alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. "Mzee mzima, unataka pampu, kwa nini usiseme pampu?"

Lilikuwa swali la haki na lilinikera mno. Mtu wa Tabora mwenye umri wangu husema bomba, na anayemsikiliza anaelewa, kwa sababu wote wawili wanalitazama. Shida ilianza tulipoanza kutengeneza vitu kwa simu.

Lakini pampu ya namna hiyo fundi hakuwa nayo, na hakumjua mwenye nayo. Ingebidi iagizwe. Nikauliza itachukua muda gani. Akasema, "Siyo mbali," jibu ambalo halikuwa la swali langu.

Jioni dada akapiga simu. "Mama anakunywa maji?"

Nilimtazama mama. Kikombe chake kilikuwa kwenye ngazi ya basi, kimejaa kama tulivyompa, na nzi ameketi kwenye ukingo. Midomo yake ilikuwa imeanza kupasuka tena. Nilimwambia dada mtandao unasumbua, nikakata.

"Tunaondoka," mke wangu alisema kabla sijaweka simu mfukoni. "Asali waende wakawauzie wengine. Siwezi kumwangalia anakauka."

Ilituuma, kwa sababu neno la mnunuzi wa asali ndilo duka lake. Alfajiri tukawaaga waliokuwa wamefika, tukawaomba wawafikishie wengine radhi zetu, tukageuza basi kuelekea mjini.

Kibanda cha fundi kiko Cheyo, mtaa ambao mimi na dada tulikulia. Mama alikaa dirishani akitaja nyumba zilizobomolewa na zilizoota ghorofa. Fundi akatoka, akamwamkia, "Shikamoo, mama," akapata marahaba yake, kisha akaingia kichwa chini ya sinki. Aliifungua ile mashine mezani kwake huku akipiga mluzi. Mluzi ukakoma.

"Nani aliiwasha bila maji?"

"Hakuna," nilisema.

"Hii imekimbia kavu, kaka. Siyo dakika mbili. Imekimbia mpaka imejiua. Mpira wa ndani umeungua, mota imeungua."

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu alikuwa tayari ananitazama mimi.

Tulikaa hapo tukiwaza. Pembeni ya kibanda kulikuwa na mabomba ya kupulizia dawa, mali ya wakulima wa tumbaku, yaliyoletwa kutengenezwa. Siyo yale ya kusukuma kwa mkono, bali ya kisasa yenye betri. Fundi aliyatazama. Mimi niliyatazama. Sijui nani alisema kwanza, na kila mmoja wetu mpaka leo anadai ni yeye. Ndani ya bomba la dawa la betri kuna kimashine kilekile: kinahisi ukibonyeza, kinasukuma, kinaacha. Akaenda duka la pembejeo la jirani akarudi na bomba jipya ambalo halijawahi kuonja dawa, akalichana tumbo, akatoa pampu, akaunga nyaya na mpira, akaifunga chini ya sinki letu.

Kwa hiyo bomba lilikufa kwa sababu ya bomba, na likapona kwa bomba lililotoka ndani ya bomba. Anayetaka kukitafsiri hicho katika lugha nyingine namtakia heri.

Mama alisukuma koki kwa kiwiko. Ikakohoa, ikatema hewa, kisha maji. Alikinga kiganja cha kushoto, akanywa, akakinga tena, akanywa tena, maji yakimlowanisha kifua. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya basi kwa muda. Sikuwa na kitu cha kufanya huko nyuma, nilitaka tu kuwa mahali ambapo sitazamwi.

Njia nzima ya kwenda Ulyankulu mimi na mke wangu tulibishana kwa sauti ya chini nani aliacha koki wazi. Yeye alisema ni mimi, kwa kuwa ndimi ninayesuuza vikombe nikiwa nawaza. Mimi nilisema ni yeye, kwa kuwa ndiye aliyeosha vichujio vya asali asubuhi ile ya Kigwa. Mama alikuwa kitandani kwake nyuma ya kiti changu, na hakuchangia.

Ulyankulu tuliegesha kwenye uwanja wa familia moja ya wakulima wenye asili ya Burundi, watu wa kanisa, wapole, ambao hutuuzia asali kila mwaka. Siku ya tatu au ya nne mimi nilirudi mapema kuliko tulivyopanga, nikimwacha mke wangu kwa wafuga nyuki, kwa sababu pikipiki ilipata pancha na nikaamua kuikokota mpaka nyumbani. Nilikuwa bado niko mbali kidogo na basi niliposikia mngurumo. Kwanza nilidhani ni nyuki wamevamia madumu. Kisha nikaujua, nikaiangusha pikipiki na kukimbia.

Koki ilikuwa wazi mpaka mwisho. Chini yake, ndani ya sinki, kuna ndoo tupu. Hakuna hata tone linalotoka. Pampu inanguruma peke yake kama mtu anayeongea usingizini. Na mama amekaa kando, mkono wa kushoto magotini, kichwa kimeinama kidogo upande, anasikiliza.

Nikafunga koki. Nikagusa pampu, ya moto lakini hai. Kisha nikapandisha sauti, sauti ambayo sijawahi kumpandishia mama yangu. "Mama! Maji yameisha unaacha bomba wazi la nini?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa nikilifunga, nitajuaje yamekuja?"

Nikakaa kitandani.

Msomaji aliyekulia mahali pengine itabidi aambiwe. Siku hizi maji ya ziwa yamefika Tabora, na watoto wa leo hawajui shida hiyo. Lakini tulipokuwa wadogo Cheyo, maji yalikuja kwa mgao, na hakuna aliyejua saa. Kwa hiyo mama wa nyumba aliliacha bomba wazi, ndoo chini yake. Kabla ya maji kulikuja pumzi: bomba linavuma, linapiga miluzi, linakohoa. Mwenye sikio jepesi anaamka hapo, anajaza ndoo, anajaza pipa, anajaza hata sufuria na masinia kabla hawajakata tena. Ukifunga bomba, umelala njaa ya maji. Mama yangu alikuwa na sikio jepesi kuliko wote mtaani. Majirani waliamshwa na yeye.

"Nilisikia linavuma," alisema. "Nikajua yako njiani. Hata kule Kigwa lilivuma muda mrefu kweli. Lilipoacha, nikajua wamekata, nikalifunga. Nikawaambia. Wewe ukacheka."

Alikuwa ametwambia, tena mara nne.

"Tulikuwa tunalala nyie," akaendelea, akikosea maneno kwa mara ya kwanza tangu augue, "nyie mnalala, mimi nasikiliza. Mliamka mnakuta maji. Sasa nimekaa humu mchana kutwa. Kupika napikiwa, kufua nafuliwa. Nikasema basi, maji angalau nitawasikilizia."

Mke wangu alifika baadaye kwa miguu, ametota jasho, akitaka kujua kwa nini pikipiki imelala njiani. Nikamweleza nje, kwa kunong'ona. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kisha akasema jambo ambalo mimi, pamoja na kujisifu kwangu kote, nisingelifikiria.

"Usimkataze. Mpe."

"Nimpe nini?"

"Maji."

Ilikuwa kazi ndogo. Nilikata waya unaopeleka umeme kwenye pampu, nikaurefusha, nikaupitisha chini ya zulia mpaka kitandani kwa mama. Nikafunga pale, usawa wa mkono wake wa kushoto, swichi nyeupe ya ukutani kama za nyumbani. Swichi ikiwa imezimwa, pampu haiwaki hata ufungue koki mpaka kesho, kwa hiyo haiwezi kujiua. Ikiwashwa, maji yanatoka. Nikamwonyesha mama na dirisha la tangi, mahali pa kutazamia kimo cha maji.

"Kuanzia leo," nilimwambia, "maji ya humu ni yako. Hakuna anayepata tone bila wewe."

Aliibonyeza swichi, akaizima, akaibonyeza tena. "Na nikilala?"

"Tutakuamsha."

Nilidhani nimempa mama kitu cha kujishughulisha. Kumbe nimeweka serikali. Ukisimama kwenye sinki, swali linakuja kutoka nyuma: "Nani anataka maji? Ya nini?" Ukisema ya kuosha kikombe, anakuwashia ya kuosha kikombe, siyo zaidi. Ukijisahau ukaacha yakimwagika, yanakatika. Mke wangu alipata ya kutosha kila mara, mimi nilipata kwa mgao. Asubuhi alitazama tangi kabla ya kunijibu shikamoo, akaniambia leo tuchote mapema. Na kwa kuwa alikuwa ameketi karibu na maji kutwa, na hakuna aliyejua alikunywa kiasi gani wala alinawa mara ngapi, alikunywa. Midomo ikapona, mashavu yakarudi mahali pake.

Nilimwambia dada hayo kwenye simu. Hakuniamini. Alikuwa ameikumbuka ile simu ya Kigwa, na mtandao uliosumbua wakati wa swali lake. Akasema anakuja kujionea.

Alishuka kwenye treni pale Urambo, amevaa vumbi la safari nzima, na mkononi ana begi kubwa. Nililipokea kumsaidia, nikataka kuanguka, kwa kuwa nilijiandaa kwa uzito na halikuwa na uzito wowote. Lilikuwa tupu. Wala hakunieleza, na mimi sikuuliza. Lilikuwa begi la kuwekea nguo za mama.

Alimsalimu mama, akamshika mashavu, akamgeuza huku na huku kama anayenunua tikiti. Mama akamwambia ananuka treni, akanawe. Dada akaenda kwenye sinki, akasukuma koki, mama akawasha, maji yakatoka. Dada alijipaka sabuni usoni, shingoni, mpaka masikioni, kama walivyozoea watu wa ghorofani, maji yakimwagika bure muda wote huo. Nikasikia swichi. Maji yakakatika.

Dada alipapasa koki, amefumba macho, povu linamshuka. Akaisukuma, akaivuta.

"Bomba lenu limekufa!" alipiga kelele.

"Bomba lipi?" mama aliuliza kutoka kitandani.

Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. Dada alisimama na povu lake, akipapasa hewa, na nadhani taratibu akaanza kuelewa sauti ile ilitoka upande gani.

"Mama," alisema, sasa kwa sauti ya chini, sauti ya Cheyo. "Sabuni inaniuma. Naomba maji."

"Ya nini?"

"Ya kunawa, mama."

"Haya," mama akasema, akabonyeza. "Nawa, mwanangu. Nawa taratibu, yapo."

Dada alikaa nasi mpaka treni ya kurudi. Hatukuzungumza lolote kuhusu msimu wala sharti. Begi lake lilirudi Dar es Salaam limejaa asali.